Laini ipi inafaa kijijini kwako? Namna ya kuchagua mtandao wa simu kwa kuangalia unavyoshika na gharama yake

Wasikilizaji wetu wengi hutuuliza swali hili: kati ya Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, mtandao upi ni mzuri? Sisi nasi huwauliza: mzuri wapi, na kwa kazi gani? Mtandao unaosifiwa makao makuu ya wilaya unaweza usishike hata kidogo katika kitongoji kilicho nyuma ya kilima. Na bando la bei nafuu unalolitangaziwa halina faida kama kulitumia ni mpaka utembee nusu saa kwenda kwenye mwembe ambako ndiko mtandao unapatikana.

Kwa mtu wa kijijini jambo hili si dogo. Tanzania ina mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura, na huanza kwa kupiga namba 115 bila malipo. Simu hiyo ikishindwa kutoka saa 8 usiku, gari halitafika. Fedha ya mazao huja kwa simu, ada ya mtoto hulipwa kwa simu, na bei ya sokoni huulizwa kwa simu. Ndiyo maana tunasema: usichague laini kwa tangazo wala kwa bei ya bando peke yake. Chagua kwanza unaoshika pale unapolala, unapolima na unapouza, kisha ndipo ulinganishe bei.

Makala hii inaeleza namna ya kufanya hivyo hatua kwa hatua, hata kama simu yako ni kitochi.

Mitandao iliyopo

Kampuni zinazotoa huduma ya simu za mkononi nchini ni Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL. Yas ndiyo iliyokuwa Tigo. Ilibadilisha jina Novemba 2024, na huduma yake ya fedha iliyoitwa Tigo Pesa sasa inaitwa Mixx by Yas. Halotel ilianza huduma mwaka 2015. TTCL ni shirika la umma.

Zamani ulikuwa unautambua mtandao wa mtu kwa tarakimu za mwanzo za namba yake: 074, 075 na 076 ni Vodacom, 068, 069 na 078 ni Airtel, 065, 067 na 071 ni Tigo, yaani Yas ya leo, 061 na 062 ni Halotel, 073 ni TTCL. Mara nyingi bado ni hivyo, lakini tangu Machi 2017 mteja anaruhusiwa kuhama mtandao akabaki na namba yake. Kwa hiyo mwenye 075 anaweza kuwa yuko Airtel. Tutalirudia jambo hilo mbele.

Kwa nini mtandao hushika hapa na kukatika pale

Simu yako huongea na mnara kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hupungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali, na hukingwa na vilima, misitu minene, kuta nene na mapaa ya bati. Ndiyo sababu simu hushika uani na kukatika ukiingia ndani. Kwa teknolojia ya kawaida ya 2G, mnara hauwezi kumhudumia mtu aliye zaidi ya kilomita 35 hivi, hata kama ardhi ni tambarare. Kwenye milima kama ya Uluguru au Usambara umbali huo hupungua sana, kwa sababu kilima kimoja kinatosha kukukinga.

Kuna pia tofauti ya masafa. Masafa ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya juu, kama 1800 na 2100, hubeba mzigo mkubwa wa intaneti lakini hufika karibu zaidi. Hivyo unaweza kukuta kijiji ambacho simu za sauti zinapita vizuri lakini intaneti inasuasua, kwa sababu huduma hizo mbili zinakuja kwa masafa tofauti, na pengine kutoka minara tofauti.

Jambo jingine ambalo huwachanganya watu ni kuuona mnara. Kuuona kwa macho hakumaanishi kuwa mtandao wako upo hapo. Minara mingi inamilikiwa na kampuni za minara, kama Helios Towers, ambazo hukodisha nafasi kwa kampuni za simu. Mnara mmoja unaweza kubeba mitambo ya mitandao mitatu, na mwingine ukabeba wa mmoja tu. Vijijini hali hiyo ya mtandao mmoja ni ya kawaida, kwa sababu kampuni hupeleka mitambo pale inapoona wateja wanatosha kulipia gharama.

Pale ambapo biashara haitoshi, serikali huchangia gharama kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mei 2023 ilisainiwa Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, na mradi huo ulihusisha pia kuiongezea uwezo minara ya zamani ya 2G ili itoe intaneti yenye kasi. Maana yake kwako ni kwamba hali ya mtandao inabadilika. Laini uliyoitupa miaka mitatu iliyopita kwa kutoshika huenda leo ndiyo inayoshika kuliko zote.

Mwisho, mnara unahitaji umeme. Minara ya vijijini hutegemea umeme wa gridi, wa jua, betri au jenereta. Ukiona mtandao unakatika kila umeme wa TANESCO unapokatika kwa saa kadhaa, ujue betri za mnara huo hazihimili muda mrefu. Hilo nalo ni la kuzingatia unapochagua.

Pima mwenyewe kabla ya kununua laini

Huna haja ya kununua laini tano ili ujue ipi inashika. Kuna njia nne za kupima, na tatu kati yake hazikugharimu chochote.

Kwanza, tafuta mitandao kwa mkono. Karibu kila simu, hata kitochi, ina sehemu ya kuchagua mtandao ndani ya mipangilio. Toa uchaguzi wa simu kujichagulia yenyewe, kisha iamuru itafute. Baada ya dakika moja au mbili itakuletea orodha ya mitandao yote inayofika mahali ulipo, hata ambayo huna laini yake. Simu nyingine huandika tarakimu badala ya majina. Hizi hapa: 640 02 ni Yas, na kwenye simu za zamani linaweza kutokea jina la Tigo, 640 04 ni Vodacom, 640 05 ni Airtel, 640 07 ni TTCL, 640 09 ni Halotel. Fanya hivyo nyumbani, shambani na mnadani, uandike ulichokiona. Ukimaliza, rudisha simu ijichagulie yenyewe, la sivyo itakosa mtandao ukisafiri.

Kumbuka kwamba orodha hiyo inakuambia mtandao gani unafika, haikuambii una nguvu kiasi gani. Pia inategemea simu unayotumia: kitochi cha 2G hakitaona huduma ya 4G.

Pili, soma maneno ya "simu za dharura tu". Wengi wakiyaona hudhani hapo hakuna mtandao wowote. Kama laini yako haijafungwa, maneno hayo kwa kawaida humaanisha kinyume chake: mtandao wako haupo, lakini wa kampuni nyingine upo, na simu imeupata. Simu isipopata mtandao wowote huandika kuwa hakuna huduma. Basi mahali unapoona "dharura tu" ni mahali pa kutafuta laini nyingine. Katika hali hiyo simu inaweza kujaribu kupitisha 112, namba ya dharura ya polisi, kwenye mnara wa mtandao mwingine. Namba nyingine, ikiwamo 115, usizitegemee kupita kwa njia hiyo.

Tatu, waulize watu wanaoishi na mtandao huo. Mwalimu, mhudumu wa zahanati, mwenye duka na dereva wa bodaboda hutumia simu kutwa nzima, na wengi wana laini zaidi ya moja. Usiwaulize "mtandao gani mzuri?" kwa sababu kila mtu atakusifia wake. Uliza: usiku simu zinaingia? Ndani ya nyumba inashika? Mvua ikinyesha au umeme ukikatika inakuwaje? Ulikosa mtandao mara ngapi mwezi uliopita, na kwa muda gani?

Nne, azima simu au laini ya mtu uijaribu. Hapa utatumia salio kidogo. Piga simu ya dakika mbili katika sehemu zako tatu, na ufanye hivyo asubuhi, mchana na kati ya saa 1 na saa 4 usiku. Usiku ndipo watu wengi wanakuwa kwenye simu kwa wakati mmoja, na mnara uliozidiwa hukata simu au hufanya intaneti itambae ingawa vijiti vya mtandao vimejaa. Mtandao ulioupima saa 5 asubuhi tu bado hujaujua.

Kuhusu vijiti, usivitumie kulinganisha simu mbili tofauti, kwa kuwa kila kiwanda huvihesabu kwa namna yake. Kama una simu janja ya Android, fungua mipangilio, nenda kwenye taarifa za simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mtandao imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa, kama -75 au -105. Inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu: -75 ni nzuri, -105 ni dhaifu. Linganisha 4G kwa 4G, na 2G kwa 2G, kwa simu ileile.

Mtandao dhaifu una gharama nyingine ambayo watu hawaihesabu, nayo ni chaji. Simu iliyo mbali na mnara hutumia nguvu nyingi kuufikia, na isiyopata mtandao hutafuta bila kupumzika. Betri iliyozoea kukaa siku mbili inaisha jioni. Kwa anayelipia kuchaji simu dukani, hiyo ni hela inayotoka kila wiki kwa sababu ya laini isiyofaa.

Iangalie na simu yako

Wakati mwingine mtandao upo na tatizo ni simu. Kitochi cha 2G hakiwezi kupata intaneti ya 4G. Simu janja ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine inaweza kuwa na 4G lakini ikakosa masafa ya chini yanayotumika hapa, hivyo ikashika mjini na kushindwa kijijini. Kabla ya kununua simu, weka laini yako ndani yake na uijaribu. Ikiwezekana, ijaribu ukiwa kijijini kabla ya kumlipa muuzaji hela yote.

Angalia pia herufi inayotokea juu ya kioo. E ni intaneti ya 2G: inatosha kwa ujumbe wa maandishi wa WhatsApp, lakini picha itachukua muda na video haitafunguka. H au 3G ni nafuu zaidi, na 4G ndiyo yenye kasi. Kama nyumbani kwako unapata E peke yake, hakuna sababu ya kununua bando kubwa la intaneti. Litaisha muda kabla hujalimaliza.

Bei: hesabu unachotumia, si unachouziwa

Miaka ya nyuma kupiga simu mtandao mwingine kulikuwa ghali, na ndiyo sababu watu walitembea na laini tatu. Gharama hiyo ilitokana na malipo ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu ya mteja wake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyashusha malipo hayo hatua kwa hatua: kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Leo vifurushi vya dakika za mitandao yote ni vya kawaida. Hata hivyo dakika za mtandao mmoja mara nyingi bado ni nyingi zaidi kwa bei ileile. Kwa hiyo chukua orodha ya watu kumi unaowapigia zaidi, uhesabu wako mtandao gani. Kama wanane wako mtandao mmoja na unashika kwako, huna haja ya kuhangaika.

Vifurushi vya kila kampuni unaviona kwa kubonyeza namba ya menyu: *149*01# kwa Vodacom, *149*99# kwa Airtel, *147*00# kwa Yas, *148*66# kwa Halotel na *148*30# kwa TTCL. Bei hubadilika, ndiyo maana hatuziandiki hapa. Kinachobaki ni namna ya kuzihesabu.

Tuchukue mfano wa bei tulizozitunga ili kuonyesha hesabu tu. Mtandao wa kwanza unauza megabaiti 500 kwa shilingi 1,000, muda wake siku 1. Wa pili unauza megabaiti 800 kwa shilingi 2,000, muda wake siku 7. Ukigawa bei kwa megabaiti, wa kwanza ni shilingi 2 na wa pili ni shilingi 2.50. Wa kwanza unaonekana rahisi. Lakini wewe unatumia megabaiti 100 kwa siku. Kwa mtandao wa kwanza utanunua kila siku, utalipa shilingi 7,000 kwa wiki na kutupa megabaiti 400 kila usiku. Kwa wa pili utalipa shilingi 2,000 wiki nzima na utabakiwa na akiba. Lililoonekana ghali ndilo rahisi, kwa sababu muda wake unalingana na matumizi yako.

Ili kujua matumizi yako, kwenye simu janja fungua mipangilio uangalie matumizi ya data kwa mwezi, kisha ugawe kwa 30. Pia itakuonyesha programu gani inakula zaidi. Mara nyingi ni video, na picha zinazojipakua zenyewe kwenye makundi ya WhatsApp, zima kujipakua. Kwa wanaotusikiliza kwa intaneti, saa moja ya redio kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29. Kama mawimbi yetu ya FM yanafika kwako, tusikilize kwa FM, ambayo haili bando.

Bando likiisha huku data imewashwa, simu inaweza kuanza kukata salio la kawaida kwa bei iliyo juu kuliko ya kifurushi. Ukiingiza vocha kwa ajili ya kununua bando, zima data kwanza, nunua bando, subiri ujumbe wa kuthibitisha, ndipo uwashe. Na ukikopa salio, soma ada yake kabla ya kukubali, maana vocha inayofuata itakatwa mkopo pamoja na ada hiyo.

Pesa kwenye simu: mtazame wakala

Kwa watu wengi wa vijijini, laini ni pochi kabla ya kuwa simu. Mitandao mikubwa iliunganishwa kwa hatua kuanzia mwaka 2014, ikawezekana kutuma fedha kutoka M-Pesa kwenda Airtel Money, Mixx by Yas au nyingine. Kutuma kumekuwa rahisi, lakini kutoa noti bado kunategemea wakala.

Jiulize: wakala wa mtandao huo yupo kijijini? Ana fedha taslimu siku zote au husema "hamna floti" siku ya malipo ya pamba au korosho? Kama wakala wa karibu yuko mjini na nauli ya bodaboda ni shilingi 3,000 kwenda na kurudi, nauli hiyo ni sehemu ya gharama ya laini hiyo. Ijumlishe na ada.

Kila kampuni ina jedwali la ada, na wakala anapaswa kulibandika pale anapofanyia kazi. Linganisha kiasi unachotoa mara nyingi, si safu zote. Kwa kuwa ada hupangwa kwa makundi ya fedha, kutoa mara moja kiasi kikubwa kwa kawaida ni nafuu kuliko kutoa kidogo kidogo mara nne. Tozo ya serikali iliyoanza Julai 2021, ambayo baadaye ilipunguzwa, haitofautishi mtandao na mtandao. Tofauti iko kwenye ada za kampuni.

Laini moja au mbili?

Kwa familia ambayo mtandao mmoja unashika nyumbani na mwingine shambani, laini mbili kwenye simu moja ni uamuzi wa busara. Weka wazi ipi ni ya kupiga na ipi ni ya intaneti kwenye mipangilio. Kama laini moja haishiki kabisa mahali unaposhinda, izime kwenye mipangilio ukiwa hapo, ili simu isimalize chaji ikiitafuta.

Kuna njia nzuri zaidi kwa nyumba yenye simu mbili: baba na mama wasiwe mtandao mmoja. Mnara mmoja ukizimika, bado kuna simu moja nyumbani inayoweza kuita msaada.

Lakini usikusanye laini bila sababu. Laini isiyotumika kwa miezi inaweza kufungwa, na namba yake kupewa mtu mwingine. Kama namba hiyo ndiyo uliyoiandikisha benki, AMCOS au shuleni, ujumbe wako utakwenda kwa mgeni. Bonyeza *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika ukaombe ifutwe.

Kuhama bila kubadili namba

Kama umepima na kuona mtandao mwingine ndio unaokufaa, huna haja ya kuitupa namba ambayo ndugu na wateja wako wanaijua. Nenda kwa wakala au duka la mtandao unaotaka kuhamia, ukiwa na simu yenye laini yako na namba ya NIDA. Utaweka alama ya kidole, utapewa laini mpya, na wakala atakuongoza hatua za kuthibitisha.

Kabla hujafanya hivyo, maliza mambo matatu. Toa fedha zote zilizoko kwenye pochi ya simu, kwa sababu hazihami pamoja na namba. Lipa deni lolote la salio au la mkopo wa simu, kwa kuwa deni linaweza kuzuia kuhama. Tumia vifurushi na salio lililobaki, maana navyo havihami. Na kabla ya yote, jaribu mtandao mpya kwa laini ya kuazima angalau wiki moja. Kuhama ni rahisi, ila kurudi kutakugharimu safari nyingine.

Mlioko mipakani

Wasikilizaji wa Tarime, Longido, Rombo, Kyela na maeneo mengine ya mpakani wana tatizo lao. Simu hujishikiza kwenye mnara wa nchi jirani ikiwa una nguvu kuliko wa kwetu, kisha hukatwa kwa bei ya nje ya nchi. Ukiona jina la mtandao usilolijua, au saa ya simu kubadilika, usipige wala usiwashe data. Zima huduma ya intaneti ya nje ya nchi kwenye mipangilio, na uchague mtandao wako kwa mkono ili simu isihame yenyewe.

Kama hakuna unaoshika, au unaoshika ni mbovu

Huduma ikiwa mbovu, piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya kampuni zote. Taja kijiji, kitongoji, tarehe na saa, na uombe namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Usiposaidiwa, peleka suala TCRA kwa namba ya bure 0800008272 au kwenye ofisi zao za kanda, zikiwamo za Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Zanzibar. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Malalamiko ya mtu mmoja husikika kidogo. Ya wanakijiji thelathini wakitaja saa na tarehe zinazofanana yana uzito.

Kama hakuna mtandao kabisa, jambo hilo ni la mkutano wa kijiji. Andikeni barua kupitia ofisi ya mtendaji wa kata kwenda halmashauri, na nakala kwa mbunge na UCSAF. Msiandike tu kwamba mna shida. Andikeni idadi ya kaya, shule na zahanati zilizopo, umbali hadi mahali simu inaposhika, kama barabara inapitika masika, kama umeme umefika, na eneo ambalo kijiji kiko tayari kulitoa kwa mnara. Hayo ndiyo mambo ambayo mtu wa kupanga minara atayauliza, na barua iliyokwisha kuyajibu haitarudishwa kuulizwa tena.

Kwa ufupi

Andika sehemu tatu unazohitaji simu zaidi. Tafuta mitandao kwa mkono katika kila sehemu. Ondoa kwenye orodha usiofika unapolala. Jaribu iliyobaki asubuhi, mchana na usiku. Hesabu watu wako wako mtandao gani. Linganisha vifurushi kwa matumizi yako ya siku. Ona kama wakala yupo na ana fedha. Kisha amua, na upime tena baada ya mwaka au mnara mpya unapowashwa.

Na leo hii kabla ya kulala, washa simu yako ukiwa ndani, kitandani, uangalie kama inashika. Kama haishiki hapo, tafuta ni kona gani ya nyumba au ya uwanja inashika, na uwaonyeshe wote wa nyumbani, watoto wakiwamo. Usiku wa dharura si wakati wa kuanza kuitafuta.